Huna Deni, Una Deni

Hotuba kwa makatibu muhtasi, makarani na walimu, Siku ya Kiswahili Duniani, Tanga

Mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, walimu wangu, na ninyi makatibu muhtasi na makarani ambao ndio hasa nimewajia leo: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie kuporomoka kwa sarufi na tahajia katika mawasiliano ya simu na kompyuta. Mada hii tumeizoea kuwa ya kuwasema vijana. Mtu mzima anasimama, anataja "xaxa" na "cjui" na "2taonana", ukumbi unacheka, vijana wanainamisha vichwa, kisha tunapiga makofi na kwenda kula. Leo vijana nitawapumzisha. Nimekuja kuzungumza na wenye mihuri.

Kazi yangu ni usaidizi wa kisheria. Watu hawajui sheria, hawana pesa ya wakili, wanakuja kwangu tuangalie pa kuanzia. Zamani mtu mwenye mgogoro alikuja na hati ya mauziano iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Siku hizi anakuja na simu. Anaipangusa kioo kwa kanga au kwa ncha ya shati, ananikabidhi, anasema, "Soma mwenyewe dada, ameandika hapa." Kodi ya pango, mkopo wa kikundi, mpaka wa shamba, matunzo ya mtoto: yote yamo humo. Na tangu ipitishwe Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi ukitimiza masharti yaliyowekwa. Maana yake ni kwamba kila mwenye simu sasa anaandika nyaraka, apende asipende. Bibi anayeuza maandazi anaandika nyaraka. Kijana wa bodaboda anaandika nyaraka.

Sasa walimu mnisikilize hapa, mtanisahihisha. Kiswahili hukanusha kwa herufi chache mno. Mara nyingi kati ya kukubali na kukataa imesimama H peke yake. Atalipa, hatalipa. Utapata, hutapata. Ana, hana. Angekuja, hangekuja. Una deni, huna deni. Katika wakati uliopo tunayo kinga ya pili, kwa sababu "halipi" ina I mwishoni. Hata mtu akiandika "alipi", tunajua amekanusha. Vivyo hivyo "ajalipa": neno hilo halipo, kwa hiyo msomaji anajirudishia H mwenyewe na mambo yanakwenda. Lakini wakati ujao hauna kinga hiyo. "Hatalipa" ikidondosha H inabaki "atalipa", neno kamili, sahihi, halina dosari yoyote, na maana yake imegeuka kabisa. Hakuna jicho litakaloshtuka. Hakuna mwalimu atakayepiga mstari mwekundu. Kosa limejificha ndani ya usahihi.

Mama mmoja anayepangisha vyumba aliniletea ujumbe huu, nausoma ulivyo: "mama ndg yangu kasafir atarud mwez wa 6 ntakuja tuongee." Aliyeuandika ni mdogo wake mpangaji. Mama akakishikilia chumba. Walikuja watu wawili kuulizia, akawaambia kina mwenyewe, amesafiri. Mwezi wa sita ukafika, ukapita, chumba kitupu, na kodi hakuna. Alipomtafuta yule kijana, kijana akashangaa: "Mama, si nilikwambia?" Tukakaa watatu. Nikamuuliza kijana, hebu sema kwa mdomo wako ulimwambia nini. Akasema, "Nilimwambia atarudi mwezi wa sita," na wakati huohuo anatikisa kichwa kukataa. Nikamwambia arudie. Akarudia vilevile: mdomo unasema atarudi, kichwa kinasema hatarudi. Hakuwa mwongo. Alikotoka H haitamkwi, na maisha yake yote watu walikuwa wanamwona akizungumza, wanaona kichwa, wanasikia sauti inavyoshuka, wanamwelewa. Simu haikubeba kichwa chake. Mwishowe waligawana hasara, na mama yule hakuridhika, na mimi sikumlaumu.

Naomba hapa nieleweke vizuri. Sina ugomvi na lafudhi ya mtu. Nchi hii ina lugha zaidi ya 100, na kila moja inaingia kwenye Kiswahili cha mwenyewe. Kuna anayeiacha H, na kuna anayejua kwamba huiacha, kwa hiyo anaibandika hata pasipohusika: "hajira", "hasante", "hatalipa" huku akimaanisha atalipa. Kuna wa R na L. Kuna ambaye "dh" kwake ni "z". Mtu asichekwe kwa hayo, na mtoto asichapwe kwa hayo. Lakini maandishi yana kazi ambayo mazungumzo hayana: yanasafiri bila mwenyewe. Hayawezi kuulizwa "unasemaje?" palepale. Ndiyo maana tahajia ikatafutiwa makubaliano.

Na makubaliano hayo yana historia. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili cha maandishi na shule, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Waliokuwa na kauli ya mwisho walikuwa wakoloni. Wapo watu wa Mombasa ambao hadi leo wanaona Kimvita, lahaja yao, kilionewa, na wana hoja. Lakini baada ya uhuru sisi wenyewe tuliupokea mfumo ule tukaufanya wetu, tukaunda BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, kwa sheria ya mwaka 1967, na Zanzibar wana baraza lao, BAKIZA. Faida yake ni kwamba mtu wa Kigoma anamwandikia mtu wa Lamu, na kila mmoja nyumbani kwake anatamka anavyotamka, na ujumbe unafika.

Kiswahili tena kimejaliwa. Ukishajua sauti za irabu tano na zile konsonanti za herufi mbili, "dh" na "th" na "gh" na nyingine chache, umejua kuandika. Hatuna herufi bubu. Hatuna maneno ya kukariri. Hatutumii Q wala X, na C haisimami bila H. Watoto wa Uingereza wanatumia miaka kujifunza tahajia ya lugha yao. Wa kwetu akishazijua herufi zake anaweza kusoma gazeti, hata kama halielewi. Kuvuruga mfumo mwepisi namna hii ni hasara ya kujitakia.

Hivyo hizo X na C ziliingiaje? Kwa haki ya vijana, nieleze. Friedhelm Hillebrand, Mjerumani, mwaka 1985 alikaa Bonn na mashine ya taipu, akachapa sentensi za kawaida, akahesabu, akaona nyingi hazivuki herufi 160. Hicho kikawa kipimo cha ujumbe wa simu duniani. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza na Neil Papworth tarehe 3 Desemba 1992, salamu ya Krismasi ya maneno mawili. Sentensi za Hillebrand hazikuwa za Kiswahili. Lugha yetu hujenga neno refu lililobeba sentensi nzima, kwa hiyo nafasi 160 kwetu zilibana zaidi. Halafu zikaja simu za vitufe miaka ya 2000. Mliozitumia mnakumbuka: S ilikaa kitufe cha 7, ikawa ya nne, unabonyeza mara nne. X ilikaa kitufe cha 9, ya pili. "Sasa" ilitaka kubonyeza mara kumi, "xaxa" mara sita. "Si" mara saba, "c" mara tatu. Na kila ujumbe ulikatwa pesa. Kijana aliyeandika "cjui" mwaka 2004 alikuwa anabana matumizi, na akili ilimtosha.

Hayo yamekwisha. Kwenye kioo cha leo S na X zote ni mguso mmoja, na vifurushi vimefanya urefu wa ujumbe usiwe na bei. Sababu imeondoka, mazoea yamebaki, na yamepanda cheo: kutoka kwa vijana wanaotaniana hadi kwenye tangazo la ofisi.

Ufupishaji wenyewe una hatari kwetu ambayo kwa wengine ni ndogo. Chukueni "hawajatulipa". Ha ni kukana, wa ni wao, ja ni wakati, tu ni sisi, kisha lipa. Kila kipande kimeshikiliwa na irabu. Ukichomoa irabu unachomoa sarufi. Nimewahi kupewa ujumbe wa neno moja, "nmlpa", na watu wawili wanaugombania. Mmoja anasema ni "nimelipa", kwa hiyo deni limekwisha. Mwingine anasema ni "namlipa", yaani bado yuko mbioni. Zote mbili zinaingia humo bila kusukumwa. Laki tatu zilikuwa zimening'inia kwenye irabu mbili.

Marafiki wakiandikiana hivyo, waacheni. Wana lugha yao, kama Sheng ilivyo na wenyewe Nairobi, na ukiwaingilia ni kama umeingia mazungumzo ya watu. Ninachohofia ni pale mtu mzima anapokuwa na uandishi wa aina moja tu: anavyomwandikia shemeji yake utani ndivyo anavyomwandikia mteja, mgonjwa, mzazi wa mwanafunzi. Hapo ndipo nawageukia ninyi.

Ofisi moja, sitaitaja, hutuma ujumbe huu kwa wateja wake: "Ndugu mteja unadeni tafadhari lipa ilikuepuka usumbufu." Maneno saba, makosa matatu. "Unadeni" limeunganishwa, na H ikiwa haina uhakika katika nchi yetu, mzee anayesoma anajiuliza kama alikusudiwa kuambiwa una au huna. "Tafadhari" haipo. Na "ilikuepuka" ni neno halali, lakini maana yake ni kwamba kitu fulani kilikukwepa wewe. Lililotakiwa ni "ili kuepuka", maneno mawili. Nafasi tupu nayo ni sehemu ya tahajia: "ilikusaidia" na "ili kusaidia" ni mambo mawili tofauti, na "nakuambia" si "na kuambia".

Mtaniambia mteja ameelewa. Huenda ameelewa. Lakini yapo madhara ambayo hayaonekani siku ileile. Kwa miaka mingi tumewafundisha wazee wetu namna ya kumtambua tapeli wa simu. Wote mnaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tulikuwa tunawaambia: angalia maandishi, ofisi ya kweli haiandiki ovyo. Alama hiyo haikuwa kinga kamili, na sasa tapeli naye ana programu ya kumwandikia Kiswahili safi. Lakini ilisaidia. Tuliifuta sisi wenyewe, siku ofisi ya kweli ilipoanza kuandika "tafadhari". Mama yangu mzazi aliwahi kupuuza ujumbe halali wa kumwita kliniki kwa sababu aliuona wa kitapeli kwa jinsi ulivyoandikwa. Nilipousoma, nami ningeupuuza.

Na katika mambo yangu ya kisheria, jozi zinazoniumiza ni nyingi. Mahali na mahari. Kura na kula. Inayoongoza ni kudhamini na kuthamini. Anayedhamini mkopo amekubali kubeba deni mwenzake akishindwa. Anayethamini nyumba anakadiria bei yake. Nimeona karatasi ya kikundi cha kukopeshana imeandikwa "nimemthamini shemeji yangu", na mtu ametia sahihi. Shemeji alipotoweka, mtu yule akasema, "Nilisema namthamini, na bado namthamini." Mnacheka, lakini kikundi kile ni cha akina mama wa sokoni, na pesa ilikuwa yao.

Lipo jambo moja ambalo si kosa letu, na lazima lisemwe. Simu na kompyuta nyingi zilitufikia zikijua Kiingereza tu. Unaandika "kama", inakuletea "karma". Unaandika barua nzima ya Kiswahili sanifu, ukurasa mzima unapigiwa mistari myekundu, neno sahihi na neno baya yote sawa. Miaka ishirini ya kufundishwa na mashine kwamba mstari mwekundu hauna maana imetufanya tusiuamini hata pale unaposema kweli. Wengi walizima ukaguzi wa tahajia wasiuwashe tena. Wasomi wetu walijaribu mapema: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ofisi ngapi hapa ziliwahi kuiweka? Leo kibodi ya Google ina Kiswahili, ni kuingia kwenye mipangilio na kukichagua. Katibu muhtasi ambaye hajafanya hivyo naomba afanye kabla ya chai, na kijana aliye karibu naye amsaidie.

Halafu programu hizi mpya zinazotafsiri na kujibu maswali zinajifunza kutokana na maandishi yaliyomo mtandaoni. Tutakachokimwaga humo ndicho zitakachotuletea. Tukiandika "hajira" na "ajira" sawasawa, zitatuletea zote mbili, na mtoto atakayeuliza atajibiwa kwa kosa la baba yake.

Sasa, tufanye nini. Ushauri uliozoeleka ni "soma kwa sauti kabla ya kutuma". Kwa makosa mengine unafaa. Kwa H haufai kabisa, kwa sababu asiyeitamka ataisoma bila H na kuiona iko sawa. Yule kijana wa chumba angesoma kwa sauti mara mia. Mimi nawafundisha watu wangu kukanusha mara mbili. Kama unakataa, anza na neno zima: "Hapana, ndugu yangu hatarudi." "Hapana, sitaweza kulipa mwezi huu." Au funga na neno la kushindilia: "hatarudi tena", "hana kitu chochote". H ikidondoka, "hapana" inabaki imesimama. Na panapotajwa fedha, tarehe au dawa, vifupisho viwekwe pembeni. Andika neno lote na kiasi kwa tarakimu.

Kwa ofisi ombi langu ni dogo. Ujumbe unaokwenda kwa watu elfu usitoke mikononi mwa mtu mmoja. Usomwe na wa pili, na wa pili asiwe aliyekaa meza moja na wa kwanza wakitamka namna moja. Kama katibu wako ni wa Mara, mpe mtu wa Pangani asome, na wa Pangani akiandika asome wa Mara. Tena ujumbe wenye kosa ukishatoka, tumeni wa kuurekebisha. Ofisi nyingi zinaona aibu kurudia. Zinawaacha watu na "una" iliyotakiwa kuwa "huna". Gazeti likikosea linaomba radhi kesho yake. Ofisi inayomwandikia mwananchi juu ya pesa yake inadaiwa zaidi ya gazeti.

Na walimu, ninyi nawaomba kitu. Insha ya barua rasmi mnaifundisha bado kwa anwani ya sanduku la posta, na ni vizuri. Ongezeni ujumbe wa simu. Mpeni mwanafunzi zoezi: mwandikie mwenye nyumba kwamba hutalipa hadi tarehe fulani. Mwandikie bosi kwamba hutafika. Mwandikie muuguzi kwamba mgonjwa hana homa tena. Wasahihishe wao kwa wao, waone wangapi wamemfukuzisha mtu nyumba au kazi kwa herufi moja. Mwanafunzi atajifunza zaidi katika kipindi hicho kuliko katika kukariri aina za viambishi, na viambishi vyenyewe atavielewa.

Waandaaji wamenikubalia tusimalizie kwa hotuba. Mlipoingia mliombwa muache nakala za ujumbe ambao ofisi zenu zilituma kwa wananchi mwezi uliopita. Majina ya ofisi yamefunikwa, kwa hiyo mtu asiogope. Mezani kwenu kuna bahasha moja kwa kila kundi la watu sita, na kalamu nyekundu. Kila kundi lichague msomaji ambaye hatoki ofisi moja na wenzake. Tuanze na bahasha namba moja, ankara ya maji. Nani anatusomea?